Dume mzee wa matete anakwenda wapi?



Maji ya Lualaba yakishuka na matete yakianza kukauka, moto unawashwa kandokando ya mabwawa, mbwa wanafunguliwa, na nyama ya pori inaingia sokoni. Kwa wale wanaolima mabondeni, toka Bukama mpaka ziwa Upemba na ziwa Kisale, hii si habari mpya. Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya wanyama wawili wa humo majini, kwani mmoja wao amebaki kidogo sana.

Wa kwanza ni nzohe, ambaye Wabemba wanamwita nsobe. Kwato zake ni ndefu na zinachanuka, kwa hiyo hazami katika potopoto. Akisikia hatari anaingia majini na kuzama mwili wote, anaacha pua tu nje. Wa pili ni lechwe, swala wa nyasi zilizofunikwa na maji. Huyu anakaa kwa makundi, mahali pa wazi, na akishtuka hakimbilii porini bali anakimbilia majini.

Wawindaji wenye mazoea wanajua kwamba mahali penye watu wengi, dume mzee wa nzohe ndiye anaonekana kwa shida kupita wote. Bwawa halina mwenyewe. Kila mtu anapita humo: mvuvi na mtumbwi wake, mama anayeloweka mihogo, mkata matete, na mwenye bunduki. Dume aliyeishi miaka mingi amekwisha kujifunza vijia vya watu, na anaviacha. Anakaa ndani kabisa mwa mafunjo, anakula usiku, na asubuhi anatoka kwa muda mfupi tu. Ukiona unyayo mrefu, uliochanuka, juu ya matope mapya, pengine yuko hatua chache na wewe, na humwoni. Kumpata kunataka kukaa kimya juu ya kichuguu toka gizani, upepo ukikupiga usoni. Halafu kunataka macho ya kutofautisha pembe. Za mzee ni ndefu, zimejisokota, na ncha zake zimekuwa nyeupe. Za kijana bado ni fupi. Jike hana pembe kabisa.

Mwenye kuwinda hivyo anachagua. Waya hauchagui. Unategwa katika njia ambayo nzohe wenyewe wameikanyaga katika matete, na anayepita wa kwanza ndiye anakamatwa: jike mwenye mimba, mtoto, au dume wa mwaka mmoja. Jike anazaa mtoto mmoja tu, kisha kubeba mimba zaidi ya miezi saba. Hesabu hiyo kila mfugaji wa mbuzi anaielewa. Tena waya uliosahauliwa unaendelea kuua, na nyama inaoza pale bila mtu kuila. Kwa maoni yetu waya umeharibu mabwawa kuliko bunduki nyingi. Moto wa matete nao unafanana na waya, kwa sababu watoto wa nzohe wanafichwa humo.

Sasa tuseme juu ya lechwe wa Upemba. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja alimpa jina lake mwenyewe, Kobus anselli, akipima mafuvu na pembe zilizotunzwa toka zamani. Hakuna mahali pengine duniani anapopatikana. Miaka ya nyuma walikuwa kwa maelfu. Mwaka 2023 watu walipita juu ya mabwawa kwa ndege kuwatafuta, wakaona 10 tu. Wanakadiri kwamba wote pamoja hawafiki 100. Kwa huyu hakuna tena mazungumzo ya kuchagua dume au jike. Kati ya lechwe, madume wachache wenye nguvu wanashika kila mmoja kipande chake cha ardhi, na majike wanawafuata pale. Katika kundi dogo namna hii, risasi moja inaweza kuharibu uzazi wa mwaka mzima.

Watu watauliza: “Tukiacha nyama ya pori, batoto batakula nini?” Ni swali la haki, na hatupendi kulipita haraka. Lakini tuangalie nyama inakwenda wapi. Ile iliyokaushwa na kupanda gari kwenda mijini haimlishi mtoto wa kijijini. Inamlisha mchuuzi, na mtu wa kijiji ndiye anabaki na hatari ya kukamatwa. Parki ya Upemba iko toka mwaka 1939, na ndani yake kuwinda kumekatazwa kabisa. Nje ya parki, sheria ya mwaka 1982 inadai kibali na inafunga uwindaji kwa miezi fulani. Miezi hiyo muiulize kwenye ofisi ya mazingira ya teritwari, msisikilize maneno ya sokoni.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, mabwawa ya Bangweulu yana watu, yana wavuvi, na bado yana lechwe weusi kwa makumi ya maelfu. Toka mwaka 2008 kamati za vijiji zinasimamia pale pamoja na Leta na shirika la African Parks. Wanaruhusu kuuawa madume wachache tu, kwa hesabu, na sehemu ya feza inarudi vijijini. Hatusemi Upemba ifanye hivyo kesho. Kwanza wanyama wawepo.

Mambo ya shamba sasa. Nzohe anaingia usiku kula mimea michanga iliyo karibu na maji, na hasira ya mkulima tunaielewa. Zamu ya walinzi wenye ngoma na taa inamfukuza. Waya unamfunga yeye, na kesho unafunga mbuzi wa jirani. Mbwa wafungwe usiku. Mkitaka kuchoma mabaki ya shamba, patanani siku moja na majirani, kateni kwanza ukanda mpana kati ya shamba na matete, na msiwashe wakati wa upepo. Waya mnazookota mabwawani zileteni kwenye mkutano wa ushirika. Zinafaa sana kwa kukaza ua wa banda la mbuzi.