Kioo cha 4K, picha ya zamani

Ramadhani ikikaribia, maduka ya Maskati hujaa runinga za 4K, na wengi wetu tunachagua kwa ukubwa wa kioo tu. Mimi huuliza kwanza: nyumbani mnatazama nini?

Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Chaneli inayorushwa kwa kiwango cha kawaida inaleta 720 kwa 576, hata nusu milioni hazifiki. Zilizobaki runinga inazibuni yenyewe, ndiyo maana nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Kioo kikizidi ukubwa, kasoro nazo zinazidi.

Mama yangu filamu hana haja nazo. Anataka habari za Unguja na taarabu za zamani, basi. Nikamchukulia Full HD ya inchi 43, pesa iliyobaki ikaingia kwenye tiketi yake ya kwenda kwetu.

Vijana wa Netflix ni habari nyingine. Wao 4K inawafaa, ila wawe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde na kifurushi cha juu.

Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji akufungulie chaneli mnayoitazama nyumbani, siyo ile video yao ya samaki na maua.