Mbona Huduma Hukatika Usiku wa Manane?

Umewahi kutuma pesa saa nane usiku ukaambiwa huduma haipatikani kwa sasa? Huenda tulikuwa tunaboresha mitambo.

Hatuzimi kila kitu. Tuna seti mbili za seva, na kila muamala unaandikwa kwenye zote mbili. Tunatoa moja kazini, tunaiwekea programu au diski mpya, tunaijaribu, kisha inarudi kazini ili ya pili nayo ishughulikiwe.

Shida iko pale kazi inapohama kutoka seti moja hadi nyingine. Salio lako lazima lilingane pande zote hadi senti ya mwisho, la sivyo pesa ileile inaweza kutumika mara mbili. Hapo ndipo tunasimamisha miamala kwa muda mfupi. Tunachagua usiku, ingawa tunajua kuna mtu yuko hospitalini saa hiyo anataka kulipa.

Ukikwama, usiharakishe kutuma tena. Angalia salio kwanza: pengine pesa zilishatoka, ni ujumbe tu umechelewa. Na mtu akikupigia akidai anataka PIN yako “tumalize kuboresha laini,” kata simu. Seva tunazibadilisha bila PIN ya mtu yeyote.