Muhula Mmoja Ugenini

Mzazi wa Nyangamara, katika Mkoa wa Lindi, anajua maana ya kumpeleka mtoto mbali. Kwa miaka mingi vijana wa Kusini wamefunga mizigo yao kwenda kusoma Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko. Leo twataka kusema juu ya safari hiyo, na juu ya safari ya pili, ya mwanafunzi wa huko kuja kwetu.

Jambo la vyuo kugawana wanafunzi si geni. Mwaka 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Ndani yake mlikuwa na vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwanzoni aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam, ambako masomo yalikuwa yameanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Umoja huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Lakini ulituachia somo: kijana hakupata hasara kwa kuvuka mpaka, kwa kuwa alikokwenda palikuwa sehemu ya chuo kile kile kimoja.

Ndani ya nchi yetu, vijana wa kidato cha tano hupangiwa shule za mikoa ya mbali, wakajifunza kuishi na wenzao. Wakifika chuo kikuu, desturi kubwa ni kuanzia na kumalizia mahali pamoja. Kwa nini iwe hivyo?

Tutwae mfano wa korosho. Mwanafunzi wa kilimo aweza kusoma darasani habari za ubwiri unga, ugonjwa unaounguza maua ya mkorosho. Aje akae muhula mmoja Kusini, mikorosho ikichanua. Afike kwenye utafiti wa Naliendele, Mtwara. Amwone mkulima akipuliza salfa alfajiri na kuhesabu gharama yake. Aisifuye mvua imemnyea. Naye kijana wa Kusini aende Morogoro, akatumie maabara ambazo kwao hazipo.

Wako watakaosema kuwa huko ni kutangatanga kwa gharama ya umma. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kila mwezi kulipa mkopo wa masomo ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Muhula ambao alama zake hazihesabiwi chuoni kwake ni hasara tupu, maana mwanafunzi atarudia masomo na deni litaongezeka.

Kwa hiyo twaona hapana budi mambo matatu yatimizwe. Vyuo vipatane kwa maandishi, kabla ya safari, kuwa alama zitapokelewa. Mkopo umfuate mwanafunzi aendako, na nauli ihesabiwe. Malazi yawe tayari, hasa kwa binti, ili mzazi alale usingizi. Bila hayo, nafasi hii itakuwa ya mtoto wa mwenye uwezo, na mtoto wa mkulima wa Nyangamara ataisikia kwa jina tu.

Ndugu wafanyakazi, elimu hii hulipiwa kwa jasho letu. Yatupasa kudai imjue mkulima shambani mwake.