Mkwaju Moja, Mashine Mzima

Kama umehama Windows juzi ukaingia Linux, najua venye umesaka C: ukaikosa. Achana nayo. Huku kila kitu inaanzia kwa mkwaju moja, /, na hakuna faili iko nje yake. Ukichomeka flashi haipewi herufi yake. Kwa Ubuntu, toleo moja ya Linux, inatokea chini ya /media. Diski zikuwe mbili, zikuwe tano, mti ni ule ule.

Keja yako ni /home. Picha, ngoma, kazi ya chuo, zote zinalala huko. Wakati wa kuinstall, itengee sehemu yake ya diski. Siku ukitaka kung'oa Ubuntu uweke toleo ingine kama Fedora, hiyo sehemu huigusi, na vitu zako zinabaki. Kwa msee ako na lapi moja ya mtumba, hiyo ni kitu kubwa sana.

/etc ndio imebeba mipangilio ya mashine mzima, na karibu yote ni maandishi ya kawaida. Unafungua, unasoma, unabadilisha. Kitu ikigoma, cheki risto kwa /var/log. /tmp nayo usiwekee asaimenti. Mashine nyingi zikizimwa na kuwaka, inafagiliwa. Alafu chunga herufi kubwa: Kazi na kazi ni faili mbili tofauti.

Yenye inanibamba kuliko zote ni /proc. Pima ukubwa wa /proc/meminfo, utaambiwa ni 0. Ifungue sasa: imejaa namba za memori ya saa hii. Haijakaa kwa diski popote. Keneli, ule moyo wa Linux, inaiandika pale pale ukiuliza. Mashine yenye inakujibu hivyo bila kuficha, mi naiheshimu manze.

Lakini mbona programu zenyewe zilikuwa zimegawanywa, zingine kwa folda ya /bin na zingine /usr/bin? Hiyo ni ya kitambo, Bell Labs huko Marekani, mwanzo wa miaka ya 70, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakiunda Unix. Diski ya kwanza ilijaa, wakasukuma programu zingine kwa ya pili, yenye ilikuwa /usr, inabeba mafaili ya watumiaji. Diski zikakuja kuwa kubwa, mgawanyo ukabaki. 1994 wasee wa Linux waliandika mpangilio wa folda ndio distro, yaani hayo matoleo ya Linux, zisijipangie ovyo, na hata huo ukaacha zote mbili. Fedora 17 iliziunganisha 2012, Debian 12 ikafanya iwe lazima 2023.

Mi naona walikawia, lakini walifanya na roho safi. /bin haikufutwa, iligeuzwa kiungo cha kuelekeza /usr/bin, ndio skripti za kitambo zenye zinaita /bin/sh zisikufe. Fungua terminali, andika ls -l /bin, ujionee mshale wa hicho kiungo.