Mwanao anasomea akili bandia. Je, yake anaitumia?

MZAZI, huenda mwanao aliye chuo kikuu alikupigia simu majuzi akakuarifu kwamba muhula huu anasoma somo la akili bandia. Ukamwambia tu atie bidii, kisha ukabaki ukijiuliza: Kwani siku hizi akili nayo hutengenezwa? Na karo hii ninayoilipa kwa jasho, inamfunza mtoto kufikiri ama inafunza mashine ifikiri kwa niaba yake?

Swali hilo ni la maana, hasa kwa familia za mji kama Machakos. Mji huu una chuo kikuu chake, kilichopewa hati ya kujisimamia mwaka wa 2016. Aidha, si mbali kutoka hapa hadi Malili, ambako jiji la teknolojia la Konza linajengwa kando ya barabara kuu ya Mombasa. Vijana wengi wanatumaini kwamba elimu ya tarakilishi itawapa riziki karibu na nyumbani. Ni vyema basi mzazi na mwanafunzi wajue somo hili lina nini ndani yake, na wapi pa kujihadhari.

Kwanza, si jambo geni. Mwingereza Alan Turing aliuliza mwaka wa 1950 kama mashine zinaweza kufikiri. Mmarekani John McCarthy ndiye aliyelipa somo hili jina, na mwaka wa 1956 yeye na wenzake wakakutana katika chuo cha Dartmouth kulijadili. Sisi wa Kiswahili bado tunavutana: kuna wasemao akili bandia, kuna wasemao akili unde, na wengine akili mnemba. Mtoto ni yule yule.

Chaki na ubao

Wengi hudhani kwamba siku ya kwanza mwanafunzi huketishwa mbele ya roboti. La hasha! Sehemu kubwa ya mwanzo wa somo hili yaweza kufundishwa kwa chaki, ubao na karatasi.

Hebu tuseme uko Machakos na unataka kufika Nairobi. Waweza kupitia Kyumvi ukashika barabara ya Mombasa, au ukapitia Kangundo na Tala. Wewe mwenyeji hujiamulia papo hapo. Mashine haijui lolote. Inabidi ifundishwe kuhesabu kilomita ambazo imekwisha kwenda, kisha ijumlishe makisio ya zile zilizosalia. Makisio hayo aghalabu huwa ni umbali wa moja kwa moja, kama arukavyo ndege. Kila mara mashine huendelea na njia ambayo jumla yake ni ndogo zaidi.

Ujanja uko hapa: makisio yasizidi umbali wa kweli hata siku moja, la sivyo mashine inaweza kuiacha njia fupi ikidhani ni ndefu. Mbinu hii ilichapishwa mwaka wa 1968 na watafiti watatu wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani, na hadi leo hufundishwa kote duniani.

Mfano wa pili uko mlimani. Fikiria umefunikwa na ukungu kwenye milima ya Iveti, nawe umeambiwa ufike kilele kilicho juu kuliko vyote. Huoni mbali, kwa hiyo unafuata kanuni moja tu: kila hatua iwe ya kupanda. Utafika juu, naam, lakini juu ya nini? Huenda ni kilima kidogo tu, na kwa kuwa kila upande sasa ni mteremko, utasimama hapo ukijisifu. Mashine nazo hukwama vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyeuelewa ukungu huo hatashangaa mashine ikimpa jibu zuri ambalo silo bora.

Mihogo kumi iliyougua

Somo likiendelea, mwanafunzi hukutana na mashine zinazojifunza kwa mifano. Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyoundwa na kundi la PlantVillage la chuo kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na wataalamu wengine, humsaidia mkulima kutambua magonjwa ya mihogo kwa kuelekeza kamera kwenye jani, hata mahali pasipo mtandao. Utafiti wa kuifunza mashine magonjwa hayo, uliochapishwa mwaka wa 2017, ulitumia picha 2,756 zilizopigwa mashambani Tanzania, zikiwemo za batobato na za michirizi ya kahawia.

Lakini mhadhiri mzuri haishii hapo. Atauliza: Mashine ikisema mmea unaugua, tuiamini kiasi gani? Chukua kalamu. Tuseme shamba lina mimea 1,000, na 10 tu ndiyo inayougua. Tuseme mashine hutambua wagonjwa 9 kati ya 10, na hukosea mmea mmoja katika kila 10 iliyo mizima. Itawapata wagonjwa 9. Kwa ile mizima 990, itasingizia 99. Jumla ya iliyotajwa kuwa migonjwa ni 108, na kati ya hiyo 9 tu ndiyo inayougua kweli, yaani mmoja katika kila 12! Mkulima asiyejua hesabu hii aweza kung'oa shamba lake bure.

Si mihogo tu. Mwaka wa 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mitambo mitatu iliyouzwa ya kutambua jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mashine hujua ilichoonyeshwa, na mara nyingi haijaonyeshwa watu kama sisi.

Ndiyo sababu mifano ya hapa petu ni ya lazima. Mhadhiri aweza kuwaagiza wanafunzi waiulize mashine maana ya methali za Kikamba walizofunzwa na nyanya zao, kisha wahesabu imekosea mara ngapi. Zoezi hilo halihitaji mtambo wa bei ghali.

Jibu bila kazi

Sasa tuje kwenye kidonda. Tangu ChatGPT itolewe mwishoni mwa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuipa mashine swali lote la kazi ya nyumbani na kupata jibu safi kabla chai haijapoa. Akifanya hivyo katika somo hili, anatumia kitu asichokielewa kukwepa kukielewa kitu hicho hicho. Alama zitakuwepo, elimu haitakuwepo. Wahenga walinena, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Dawa ya ugonjwa huu ni kumtaka mwanafunzi aeleze kazi yake kwa mdomo, ubaoni, mbele ya wenzake. Aliyeifanya ataeleza, aliyenakili atatokwa na jasho.

Tena, kujiandikisha si kusoma. Mwaka wa 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo lao la utangulizi la Stanford kwa yeyote mwenye mtandao, bila malipo. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliomaliza walikuwa kama 23,000. Milango ilikuwa wazi, lakini wengi hawakufika mwisho.

Na asiyeelewa mashine huachiwa kazi gani? Mwaka wa 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka.

Mzazi afanye nini?

Mwanao akija nyumbani likizoni, usimwulize alama pekee. Mwambie akueleze, kwa Kiswahili au kwa Kikamba, mashine huchaguaje njia ya kwenda Nairobi. Mwulize ni wapi mashine hiyo hukosea, na yeye amejuaje. Akishindwa kukueleza wewe usiyesomea tarakilishi, basi naye hajaelewa.

Nawe mwanafunzi uliye bado shule ya upili, usiitupe hisabati. Hesabu za uwezekano ndizo nguzo za somo hili. Lugha ya Python, inayotumiwa sana kuandikia programu hizi, haina malipo, na karatasi na kalamu unazo. Mashine itakungoja. Anza na akili uliyopewa na Mungu.