Nyumba ya Mkuu wa Polisi Yenye Mti Ndani

Askari huishi miaka mingi katika nyumba asizozichagua: hema, bweni, kota. Si ajabu basi kwamba siku ya kustaafu inapokaribia huwa na hamu kubwa ya kujenga ya kwake. Lakini akishapata kiwanja, jambo la kwanza afanyalo ni kukifyeka. Miti yote hukatwa, kisha kuta husimamishwa chini ya mabati matupu. Adhuhuri ifikapo, mwenye nyumba hutoka nje kutafuta kivuli, nacho hakipo tena.

Twapenda kuwasimulia ndugu zetu habari za nyumba moja ya Sri Lanka, kisiwa kilichoitwa Ceylon hadi mwaka 1972. Osmund de Silva alikuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa nchi ile tangu 1955 hadi 1959. Alipokwisha kutoka kazini, yeye na mkewe Ena, fundi mashuhuri wa batiki, walichorewa nyumba mjini Colombo na Geoffrey Bawa, mwanasheria aliyegeuka kuwa msanifu majengo. Ilijengwa kati ya 1960 na 1962.

Siku zile serikali ilikuwa imebana uagizaji wa bidhaa za kigeni. Nyumba ikajengwa kwa matofali, mawe, mbao na vigae vya udongo, karibu bila kioo. Kutoka barabarani mpita njia aliona ukuta tu (jambo ambalo polisi yeyote atalielewa), ila ndani vyumba vilizunguka ua mkubwa ulio wazi juu, wenye mwembe. Hewa ya joto ilipanda na kutokea uani, upepo ukapita chumba hadi chumba, na upenu mpana ukazuia jua na mvua visiguse kuta.

Hatusemi kila koplo ajenge kama mkuu wa polisi. Hata hivyo kanuni zake hazina gharama kubwa. Sisi tulio karibu na ikweta tuelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, kwa maana jua kali la asubuhi na jioni hupiga ubavuni, mashariki na magharibi. Huko madirisha yawe machache na madogo. Mabati yawekewe dari, na nafasi iliyo juu yake iachiwe matundu ya hewa. Uani pachimbwe mfereji kabla ya masika. Na ramani ichorwe baada ya miti kuhesabiwa, si kabla.

Miaka ilipopita na kiwanja cha Colombo kuuzwa, nyumba ile haikuachwa ipotee. Ilivunjwa kwa utaratibu, vipande vikatiwa alama na kupelekwa Lunuganga, shamba la Bawa karibu na Bentota, ambako iliunganishwa upya. Ilifunguliwa mwaka 2016. Ena alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.