Pesa za Giza

Biashara ya omena, wale samaki wadogo wa ziwani, vijana wangu, bosi wake ni mwezi. Wavuvi wa Usenge na Uhanya, kule Siaya, huingia ziwani usiku wa giza na kuwasha taa juu ya maji. Wadudu huifuata taa, omena huwafuata wadudu, kisha wavu huwazunguka wote. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga na taa haina mvuto tena. Omena hutawanyika, mashua nyingi hulala ufuoni. Kwa hiyo mama anayenunua omena ufuoni na kuwapeleka soko la Kibuye, Kisumu, ana siku za kupata na siku za kukaa. Juu ya hayo, kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Miezi minne! Na ada ya shule haiulizi mwezi uko wapi.

Tumfuate mama huyo. Simtaji jina kwa sababu ni mfano tu, nanyi mtawatambua wengi ndani yake.

Tuseme mtaji wake ni shilingi 11,000. Ananunua makarai 10, kila moja 1,000. Kuanika, magunia, nauli na ushuru wa soko vinakula 100 kwa kila karai, hivyo mtaji wote umeingia kazini. Kibuye, omena hao wanamletea 13,500. Mkoba umejaa noti, na hapo ndipo wengi hupotelea. Faida yake si 13,500. Ni 2,500.

Sasa anarudi nyumbani. Unga, mafuta, viatu vya mtoto, mchango wa matanga: 5,000 zimekwenda. Hajaiba, pesa ni zake. Ila safari ya pili anaanza na 8,500, ambazo zinatosha makarai saba. Akiuza kwa bei ile ile na kutoa tena 5,000, safari ya tatu ni makarai manne. Ya nne ni karai moja. Chukueni kalamu mhakikishe. Hakuna mwizi aliyeingia, mvua haikunyesha, wateja hawakupungua. Mtaji umeliwa na ugali.

Dawa yake ni ya zamani na haina utamu: mama aandike hesabu zake kwenye daftari na ajilipe mshahara. Kila safari achukue 1,500, basi, hata kama mkoba umevimba. Zile 1,000 zinazobaki ni za mwezi mpevu na za Aprili. Mtasema 1,500 hazitoshi nyumba yenye watoto. Kweli, huenda hazitoshi. Lakini daftari limemwambia hivyo safari ya kwanza, akiwa bado na makarai 10 ya kufikiria nayo: aongeze mzigo, atafute usafiri wa bei nafuu kwa kuungana na wenzake, au aongeze biashara nyingine pembeni. Asiyeandika huambiwa habari hiyo hiyo akiwa na karai moja.

Wazo la kutenga biashara na mwenye biashara lina historia pande hizi hizi. Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa Bondo, alikuwa mwalimu Maseno miaka mingi kabla ya kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Katika miaka ya 1940 alianzisha chama cha kuweka akiba, na kufikia mwaka 1947 kikawa kampuni yenye hisa, Luo Thrift and Trading Corporation. Watu wa kawaida walitoa shilingi zao wakawa wenye hisa. Ukiwa na wenye hisa, huwezi kutia mkono sandukuni ukasema ni zangu, utaulizwa. Mama wa omena hana wa kumuuliza, kwa hiyo inambidi ajiulize mwenyewe kila jioni.

Siku hizi simu inamsaidia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa nyingi hazishikwi mkononi kabisa. Akiwa na laini moja ya nyumbani na till ya biashara, mchanganyiko unapungua. Kuna pia nyoluoro, vile vikundi vya akina mama vya kuchangiana kwa zamu. Mama mjanja haombi zamu ya Desemba, wakati kila mtu ana pesa na kila mtu anatumia. Anaomba ya Aprili.

Mvua nitaitaja kwa ufupi. Omena wakinyeshewa kabla hawajakauka huharibika, wakauzwa kwa bei ya chini kutengeneza chakula cha kuku. Turubai la kuwafunika ni gharama ya biashara, liandikwe. Na madeni yaandikwe pia: jina, kiasi, siku ya kulipa. Mwenye kibanda anayechukua gorogoro tatu kwa mkopo kila wiki na halipi si mteja, hata akiwa binamu yako.

Huenda nyinyi hamtauza omena. Mmoja atakuwa kinyozi Kondele, mwingine mpiga picha za harusi, mwingine atachora nembo na mabango kwa kompyuta. Kila kazi ina mwezi wake mpevu. Mpiga picha hushiba Desemba na kufunga Januari, na fundi nguo anajua fika wiki ya kufungua shule ilivyo na wiki inayofuata ilivyo. Jueni kalenda ya kazi yenu kabla hamjajua bei yake. Msianze kazi kubwa bila malipo ya awali, angalau yanayotosha kununua vifaa, maana mteja aliyekataa kutanguliza nusu leo, kesho atakataa na iliyobaki.

Na mama yako akikukataza kuchota omena kwenye gunia la kuuza, usinune. Mwambie aandike kikombe kimoja kwenye daftari, akitoe kwenye mshahara wake, ndipo upike.